Nyundo na Shingo ya Tangi Namba Tatu

Jina la Nyundo nilimpa wifi yangu mimi mwenyewe, na sikumpa kwa upendo. Siku kaka alipomleta nyumbani nilimtazama juu hadi chini nikaona mwanamke mfupi, mabega mapana, mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa unene. Kabla hajakaa vizuri kwenye kiti akaanza kugonga vitu kwa kidole: ukuta, kabati la vyombo, pipa la maji pale kona. Anagonga, anatega sikio. Nikamuuliza kaka, huyu ni mke au mkaguzi wa majengo? Kaka akacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Wifi, pipa lenu limebaki robo." Nikaenda kufunua kifuniko ili nimwaibishe mbele ya watu. Lilikuwa limebaki robo.

Basi nikamchukia kwa muda wa kutosha. Mimi sina kifua, jambo likiniingia saa nne saa tano limeshatoka, na yeye ni mtu wa kumeza maneno akakutazama tu. Watu wa namna hiyo wananichosha. Lakini hadithi hii si ya kunisifu mimi, na nikifika pale nilipokosea nitasema.

Wote watatu tunafanya kazi kiwanda kimoja, cha chakula cha mifugo. Mimi nashona midomo ya mifuko kwa mashine. Kaka yangu ni mtu wa juu: anapanda ngazi, anafunua matangi, anatazama kilichomo. Ni mrefu na hana nyama hata ya kusingizia, ndiyo maana wanamwita Fito. Na wifi alianzia kwenye ufagio. Alifagia chini ya matangi huku akigonga, na baada ya mwezi mmoja akamwambia mkubwa wa kiwanda kwamba tangi namba moja limebaki mahindi ya siku mbili, wakati karatasi zinasema siku tano. Kaka akatumwa juu kutazama. Yalikuwa ya siku mbili na nusu. Siku ileile ufagio ukachukuliwa na mwingine, yeye akapewa nyundo.

Tangi la kwetu usilifikirie kama la maji. Ni mtungi wa chuma wenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Juu lina tundu lenye kifuniko, tundu ambalo mtu mwembamba akikunja mabega anapita. Chini tumbo linachongoka kama faneli, sisi tunapaita shingoni, na shingo inaishia kwenye mdomo. Mdomo una bati la kuuziba ambalo unalivuta kwa mnyororo. Ukivuta, mzigo unaangukia kwenye mkanda unaotembea, na mkanda unaupeleka kwenye mashine ya kuchanganya. Mahindi yanatii mpango huo. Pumba zinatii zikiwa kavu. Mashudu ya alizeti hayatii mtu. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa. Bado yana mafuta, na ukiyaminya kiganjani yanabaki na alama za vidole vyako. Hayo ndiyo yanayokaa tangi namba tatu. Ukiyafungulia yanashuka kidogo, halafu yanaegemeana juu ya mdomo kama watu wawili wanene waliotaka kutoka mlangoni kwa pamoja, na hapo hakuna kinachopita tena.

Ikitokea hivyo, mtu anaita Nyundo. Anakuja bila haraka. Anaweka sikio kwenye shingo ya tangi, anapapasa chuma kwa kiganja, anachagua mahali, anapiga mara moja, au mara mbili akiwa amechoka. Ndani unasikia kitu kinapasuka na mashudu yanaporomoka kwa kishindo. Wanaume wenye misuli yao walijaribu wakapiga ishirini, thelathini, wakaishia kutokwa jasho. Miaka sita hakuna aliyemfikia. Na alijua, wala usifikiri hakujua. Ile nyundo ilikuwa ya kilo nne, mpini ameusugua mwenyewe kwa kigae cha chupa mpaka unateleza, na alitembea nayo begani kama mama aliyembeba kifungua mimba wake. Nilimwambia, "Wifi, ilaze basi, nayo ipate usingizi." Akanijibu, "Wewe ongea na uzi wako, mimi naongea na chuma."

Mwaka wa saba chuma kikaacha kumjibu.

Ilianza taratibu. Kipigo kimoja kikawa vitatu, vitatu vikawa kumi. Kuna siku alipiga mpaka mkono ukafa ganzi na mashudu yamekaa kimya kule ndani kana kwamba hayajagongewa mlango. Mkubwa wa kiwanda akaja na dawa yake. Sisi tulimwita Jaza, nyuma ya mgongo wake lakini, maana kila tatizo la tangi alikuwa na jibu hilohilo: "Jaza tu. Ukijaza, uzito wa juu utausukuma wa chini." Si mtu mbaya. Anakumbuka nani ana mtoto mgonjwa na anauliza. Ila akishaamini jambo, limeisha. Tukajaza. Mashudu yakakaza zaidi. Hapo ndipo wakaanza kumshusha mtu.

Mtu mwenyewe ni kaka yangu, nani mwingine angepita kwenye lile tundu? Anafungwa kamba kiunoni, anaingia kwa juu, anasimama juu ya mashudu na mti mrefu mkononi, anachokoa katikati mpaka panafunguka. Akitoka amepakaa vumbi mpaka kwenye kope, anacheka, anasema kule ndani kuna kaubaridi kazuri. Mara ya kwanza tulisimama wote chini roho mkononi. Mara ya tano hakuna aliyenyanyua kichwa. Ikawa ndiyo desturi ya kiwanda: Nyundo apige, akishindwa Fito ashuke. Hatukujiuliza hata siku moja mashudu yaliyokwama yamekalia nini. Yamekalia uwazi, jamani. Chini yamejishikiza, katikati pamebaki pango, na kaka yangu amesimama juu ya dari ya pango hilo anaichokoa kwa mti.

Jumanne moja asubuhi, saa nne kasoro, dari ikaanguka.

Nilisikia ukelele mmoja, halafu ukakatwa katikati. Nilipofika juu ya ngazi nilimwona kaka kupitia lile tundu, amezama mpaka kifuani, uso umegeuka rangi. Kamba ilimzuia asiende chini zaidi, lakini kumvuta hakuvutiki. Kila wakivuta analia kwamba wanamkata vipande viwili. Na kila akitoa pumzi mashudu yanamkaba zaidi, akitaka kuivuta tena nafasi imeshapungua. Ilibidi wamzungushie mbao na kuchota kwa ndoo. Wifi ndiye aliyekuwa ameinama pale tunduni, mikono ameipitisha ndani, anamshikilia chini ya taya, anamwambia, "Pumua kidogo kidogo, mume wangu. Kidogo kidogo hivyohivyo." Dakika hamsini. Nilizihesabu, na sitaki kuhesabu kitu namna ile tena maishani.

Alipona. Mbavu ziliuma, sauti ilipotea siku nne, basi. Jumamosi akiwa kitandani Jaza alikuja kumpa pole, akakaa, akanywa chai, na akiwa mlangoni akasema kwa upole kabisa kwamba shehena nyingine ya mashudu inaingia Jumatano, Ijumaa wanaanza kuitumia, na ikikwama itabidi Fito ajikaze maana hakuna mwingine anayeenea. Nikamtazama kaka nikitegemea atakataa. Akasema kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, "Hakuna neno, mkubwa. Kazi ni kazi." Nilitamani nimpige na mto aliolalia.

Wifi alisubiri Jaza afike njiani, akachukua tochi, akaniambia, "Twende kiwandani." Nikamuuliza kufanya nini Jumamosi mchana. "Tangi namba tatu liko tupu. Litabaki tupu mpaka Jumatano tu."

Tuliingia chini ya tangi, tukavuta bati, mdomo ukabaki wazi. Nikashika tochi. Yeye akapiga magoti juu ya mkanda uliosimama, akaingiza mkono mzima hadi begani, akaanza kupapasa shingo kwa ndani. Alipapasa muda mrefu. Nikamwona anaenda taratibu, anasimama, anarudi nyuma, anasimama tena. Halafu akautoa mkono, akakaa chini sakafuni kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Wifi," akasema, "ni mimi."

Sikumwelewa. Akaniambia niingize mkono. Nikaingiza. Chuma nilichodhani ni laini kilikuwa na uvimbe kila mahali, vinundu na vinundu, vingine vya ukubwa wa nusu ya embe. Nikatoa mkono nikatazama shingo kwa nje, na kwa nje palikuwa na mabonde. Bonde kwa nje, kinundu kwa ndani. Miaka saba ya vipigo. Kila alipopiga mashudu yakashuka, tukamshangilia, na kila alipopiga aliyatengenezea mahali pa kushikia siku inayofuata. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kuchagua mahali, alipiga palepale yalipojishikiza, kwa hiyo vinundu vyote viko mahali pabaya kuliko pote. Mtu asiyejua kupiga asingeliharibu vile.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Mwanamke amekaa sakafuni, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikamwambia, "Kumbe ni wewe uliyetaka kuniulia kaka yangu." Nilisema hivyo. Nilisikia neno linatoka na sikulizuia.

Akanitazama. Nilidhani atanirukia, na ningemruhusu. Akajifuta uso kwa mkono ule wenye mashudu, akabaki na mistari usoni. "Ndiyo," akasema. "Sasa nishikie taa, sijamaliza."

Jumapili asubuhi baraza letu liligeuka kiwanda. Alikata makopo ya biskuti akakunja faneli saba: nyingine imesimama wima, nyingine imelala, nyingine ameigonga makusudi iwe na vinundu, nyingine ya bati jipya linalong'aa. Midomo nayo akaitofautisha, mviringo mdogo, mviringo mkubwa, na mmoja mrefu mwembamba kama tundu la sanduku la kura. Kisha akaniambia nikae, nimimine mashudu. Nikamimina. Kwa aibu ya jana yake ningemimina hata mawe. Yenye vinundu ilikwama mara tisa kati ya kumi. Laini yenye mdomo mdogo nayo ilikwama, mara sita. Hapo nikafurahi kidogo kwa ajili yake, nikasema, "Unaona, basi si nyundo peke yake." Hakufurahi. Alikuwa ameinamia ile ya mdomo mrefu. Ilikuwa laini, imesimama wima kuliko zote, na mashudu yalipita kila tulipomimina, mara kumi kati ya kumi.

"Kwenye tundu la mviringo punje zinashikana pande zote," akasema, akinionyesha kwa vidole. "Hapa kwenye mdomo mrefu zina pande mbili tu za kuegemea. Na ukuta wenyewe hauzisaidii."

Kaka alikuwa ametoka nje na blanketi begani, amejiegemeza mlangoni. Akatazama makopo, akatazama mkewe, akaniuliza kwa sauti yake mbovu, "Biskuti ziko wapi?" Tulikuwa tumezila zote, mimi na wifi, asubuhi ileile. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona wifi anacheka mpaka anashika tumbo.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Jaza na mimi nyuma yake. Hakuniita, nilijipeleka. Mkononi ana bomba la plastiki la urefu wa mkono, mpini wa ufagio, karatasi laini ya chooni na raba ya kufungia. Na nyundo begani, kama kawaida.

Alieleza anachotaka: shingo ya tangi namba tatu ikatwe, iwekwe nyingine ya bati laini, iliyosimama wima zaidi, mdomo mrefu. Jaza alimsikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, mashudu yanataka kusukumwa tu. Tangi lilikuwa halijajaa vizuri. Safari hii tutajaza mpaka juu."

Wifi akaifunga karatasi kwenye mdomo wa bomba kwa raba. Akamimina ndani chumvi ya mifugo, kiasi cha shubiri moja na nusu. Akamkabidhi Jaza mpini wa ufagio. "Mkubwa, sukuma chumvi itoke. Ni karatasi tu."

Jaza akacheka, akaingiza mpini, akasukuma. Karatasi haikupasuka. Akasimama, akavua koti, akasukuma kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ikamtoka. Watu walikuwa wameshaanza kuchungulia dirishani, na fundi wa kuchomelea, mzee mmoja tunayemwita Cheche, akaingia bila kubisha hodi akashikilia bomba kwa chini huku Jaza anaulalia mpini kwa kifua. Karatasi ya chooni, haki ya nani, haikupata hata mkunjo. Mwisho akaacha, anahema.

Wifi akaimwaga chumvi mezani, akaigusa karatasi kwa kidole kimoja. Ikatoboka.

"Uzito wako umeenda wapi?" akauliza. Jaza akajifuta jasho. "Umeenda ukutani, mkubwa. Punje zinabanana zinasukuma pembeni, na ukuta ndio unaobeba. Wa juu hamsukumi wa chini. Anamkanyaga tu."

Ningekuwa mimi ningeishia hapo, nikatoka kichwa juu. Yeye akaishusha nyundo begani akailaza mezani juu ya chumvi, mbele ya watu wote wale. "Na kuna jingine. Shingo ile nimeiharibu mimi." Akaeleza vinundu, kila kitu, hakujipunguzia. Jaza akakaa. "Kwa hiyo," akasema polepole, "miaka saba tumekuwa tukikupigia makofi." "Ndiyo, mkubwa." Huyu mwanamke alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia pale kiwandani, na amekitoa mwenyewe akakiweka mezani.

Jaza si mtu wa kushindwa akanyoosha mikono. Alisema, "Una siku mbili, leo na kesho. Jumatano mashudu yanaingia. Ijumaa saa nne nafungua mwenyewe. Yakikwama, Fito anashuka, na habari ya makopo ya biskuti nisiisikie tena."

Siku mbili hizo sitaki kuzirefusha. Cheche alikata shingo ya zamani ikadondoka, akachomelea mpya, na wifi alikuwa nyuma yake kama kivuli. Kila mshono alioumaliza, wifi anaingiza mkono ndani, anapitisha kidole, anasema, "Hapa panakwaruza." Mara ya nne mzee akavua miwani ya kuchomelea akamwambia amekuwa akiunga vyuma tangu yeye hajazaliwa. Wifi akamjibu kwa heshima zote, "Sawa, baba. Lakini mashudu hayajui umri wako." Cheche akatukana mashine yake badala ya mtu, akarudi kusaga mshono. Jumanne jioni alipitisha mkono wake mwenyewe ndani, akautoa, akasema ni laini kuliko shavu la mjukuu wake.

Jumatano walijaza. Yakakaa siku nzima ya Alhamisi, yakajilaza, yakakaza, kama yanavyofanya siku zote.

Ijumaa saa nne kiwanda kizima kilikuwa chini ya tangi namba tatu. Niliacha mashine yangu na mfuko ukiwa umeshonwa nusu. Kaka alikuwa juu ya ngazi, kamba kiunoni, mti wa kuchokolea mkononi. Alikataa kuivua kamba. Alisema akiivua halafu yakakwama atakosa ujasiri wa kuifunga tena, bora akae nayo. Wifi hakuwa anamtazama. Alikuwa amesimama karibu na shingo mpya, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza niliona mikono yake haijui ikae wapi.

Jaza akashika mnyororo, akavuta. Bati likasogea. Mashudu yakaanguka kwenye mkanda, fungu moja, la pili, yakapungua, yakakata.

Mkanda unatembea mtupu.

Nilisikia viatu vya kaka juu ya chuma, anaanza kufunua kifuniko. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mpeni nyundo." Na kweli nyundo ikaja, imepitishwa mkono kwa mkono kutoka ofisini, ikafika mbele ya wifi. Mungu anisamehe, na mimi nilitaka aichukue. Apige mara moja tu, yashuke, kaka yangu asiingie mle. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe, niliuona. Akaurudisha chini.

"Hakuna kugusa," akasema.

Akaweka sikio kwenye chuma. Halafu akainama, akatazama mdomoni, akatazama mnyororo. Akafuata mnyororo kwa macho mpaka kwenye mkono wa Jaza. Pale kwenye mnyororo kuna pete imepakwa rangi nyekundu. Jaza mwenyewe aliipaka, zamani, na amri ni kwamba mtu asivute kupita hapo, mashine ya kuchanganya isije ikazidiwa. Wote tumezoea. Hata siku ile amevuta mpaka nyekundu, akasimama.

"Mkubwa," wifi akasema, "umefungua nusu. Nimekupa mdomo mrefu, umeubana ukawa mfupi."

"Nyekundu ndiyo mwisho."

"Mwendo wa mkanda upunguze, mkubwa. Mdomo ufungue wote."

Walitazamana. Juu, kifuniko kiligonga chuma, kaka ameshakifunua. Jaza alitazama juu, akatazama ile nyundo iliyoshikwa na mtu, na pengine kichwani akaiona tena meza yake yenye chumvi na ule mpini wa ufagio. Akamwashiria Cheche apunguze mkanda. Akavuta mnyororo, nyekundu ikapita mkononi mwake, akavuta mpaka mwisho.

Halikutoka fungu. Ulitoka mzigo kwa urefu wote wa mdomo, pazia moja la mashudu, bila kishindo, kwa sauti ya chini isiyobadilika, shwaa, kama mtu anayemwaga maji kwenye mchanga bila kuchoka. Tukasubiri likate. Halikukata. Mkanda ukajaa, mashine ya kuchanganya ikaanza kunguruma, na pazia linashuka tu.

Kutoka juu ikaja sauti ya kaka, ile sauti iliyopona nusu. "Unashuka wote," akaita. "Jamani, uso wote unashuka." Miaka yote akifunua aliona shimo katikati kama kisima, na mashudu yamesimama ukutani yanamngoja. Leo yalikuwa yanashuka pamoja, pembeni na katikati, tambarare kama chai kwenye kikombe kinachonywewa.

Watu walipiga kelele mpaka vumbi la darini likadondoka. Cheche alikuwa anamwambia kila mtu kwamba mshono ni wake. Jaza aliendelea kushika mnyororo ingawa hakuna haja, amepigwa na butwaa, halafu akaja mbele ya wifi akampa mkono, na alipoona mkono hautoshi akamwinamia kichwa kama anavyoinamiwa mtu mkubwa. Nikarudi kwenye mashine yangu nikashona mifuko mia nne siku ile. Saa tisa tangi lilikuwa limebaki robo, na mashudu yanatoka vilevile kama yalivyotoka saa nne lilipojaa, hayakuongeza wala kupunguza mwendo. Hakuna mtu aliyeligusa.

Kaka alishuka ngazi. Kamba aliifungua mwenyewe, akaizungusha kiganjani mpaka mwisho, akampelekea mkewe, akaiweka mikononi mwake ambayo bado ilikuwa mitupu. Wifi akaishika kamba kifuani, na hapo ndipo akalia kwa sauti, mbele ya kiwanda kizima.

Nilisubiri amalize. Nikamwambia, "Wifi, lile neno la Jumamosi, nisamehe." Akavuta kamasi, akasema, "Lipi? Umesema mengi." Nikamwambia analijua. Akasema, "Nilikusamehe ulipomimina mashudu. Ulimimina vibaya, lakini ulimimina."

Jina la Nyundo limebaki, ingawa nyundo yenyewe Jaza anazuilia mlango wa ofisi yake usipigwe na upepo. Ile pete nyekundu ameifuta kwa mafuta ya taa. Matangi mengine nayo yamekatwa shingo moja baada ya nyingine, na wifi ndiye anayepitisha kidole. Hakuna mtu aliyeshushwa tena.

Kamba tumeifunga uani kwetu, kutoka kwenye nguzo ya baraza hadi ukutani. Ni kamba nzuri, haifumuki. Jumapili tunaanikia nguo, na mashati ya kaka yananing'inia pale marefu na membamba, matupu, yanakauka, na mwenyewe yuko ndani anauliza chai imefikia wapi.